Masale Mbele ya Nyumba ya Mume Wangu

Watu wa kanisani kwetu Machame hupenda kusema kwamba nilimsamehe shemeji yangu. Hakuna aliyeniuliza. Waliniona nikimwosha na kumlisha miaka miwili, yaliyobaki wakajijazia wenyewe. Sasa nimezeeka, acha niseme ilivyokuwa.

Mume wangu alianguka kutoka juu ya mti wa mringaringa akikata majani ya ng'ombe, akavunjika uti wa mgongo. Hospitali walimrudisha akiwa hai kuanzia kifuani kwenda juu. Miguu haikumsikia tena, na mikono ilishika kitu kwa taabu. Yeye alikuwa kitinda mimba, na kwa desturi yetu kitinda mimba ndiye anayerithi nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani migomba na kahawa inayoizunguka. Lakini nyumba ile ilikuwa na ngazi mbele, ngazi nyuma, na mlango ambao hata mimi niliuingia ubavu ubavu. Mtu wa kubebwa angeishije humo?

Basi nikajenga nyingine kando yake. Fundi wa baiskeli wa Moshi mjini alikuwa ametuundia kiti cha magurudumu mawili makubwa. Nilikaa kwenye kiti hicho mwenyewe, nikatanua viwiko, nikamwambia fundi wa nyumba, "Mlango upime hapa." Akacheka, akapima. Kitanda tulikiinua kwa mawe mpaka usawa wa kiuno changu, nisije nami nikavunjika mgongo tukawa wawili. Kwenye boriti nilifunga kamba, ili mume wangu aingize kiwiko na kunisaidia ninapomgeuza. Sakafu ya kuogea iliinama kidogo, maji yakawa yanakimbilia kwenye migomba. Dirisha niliagiza liwe chini kabisa, usawa wa macho ya mtu aliyelala. Na mahali pa ngazi tuliweka mteremko wa mawe na udongo, juu yake saruji. Siku hizo saruji ilikuwa ya kibali, na nilimsumbua katibu wa kijiji mpaka akawa akiniona anajificha.

Shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuja kukagua. Ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, mtu wa kuvaa koti hata juani. Sisi tulizaa mabinti tu, na yeye alikuwa ameshaanza kukitazama kihamba chetu kama chake. Akaizunguka nyumba mikono nyuma, kisha akasema mbele ya mafundi, "Shemeji, mfu hajengewi nyumba. Mfu anachimbiwa kaburi."

Mume wangu alikuwa palepale kwenye kiti chake, anasikia. Mimi nilisema mengi, na mengine nikayasema kwa Kichagga cha kwetu Mwika ili yamuume zaidi.

Tukahamia. Mwaka ule wa kwanza ulikuwa mtamu. Kila alasiri nilimshusha kwenye mteremko hadi barabarani, akasalimiana na watu, akabishana nao juu ya mvua na siasa. Akirudi nilimpitisha kwenye kahawa yake, akawagombeza wachumaji. Mume wangu alinenepa kwa kugombana.

Kisha akapata vidonda vya kulala, tukakaa hospitali wiki tatu. Tuliporudi, pale mteremko unapoishia, tulikuta mstari wa masale. Yalikuwa yamepandwa kutoka kona ya banda la ng'ombe hadi ukingo wa mfereji, udongo wake bado mbichi.

Masale kwetu si maua. Mmea ule wa majani marefu ya kijani ndio mpaka wa shamba, na mpaka uliopandwa na mtu haung'olewi na mwingine. Utapata laana, na kabla ya laana utapata ukoo mzima mlangoni. Shemeji alisema kipande kile cha njia aliachiwa na baba yao. Nilikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, akanirudisha kwa ukoo kwa kuwa hayo ni mambo ya ukoo. Nilikwenda kwa ukoo, nikamkuta msemaji ni nani? Ni shemeji. Akawaambia wazee kwa upole kabisa, "Masale yameshapandwa. Aliyepanda ndiye anayeng'oa." Wakaitikia kwa vichwa.

Upande wa pili ulikuwa mfereji na ukingo wake mrefu. Nilimbeba mume wangu mgongoni, nikavuka naye mara mbili. Mara ya tatu nikateleza. Mimi nilivunjika kifundo cha mkono, yeye akalala kwenye maji ya baridi mpaka jirani akasikia kelele. Tangu siku hiyo alikataa kubebwa. "Ni majani tu, mke wangu," aliniambia. "Dirisha linanitosha." Halikumtosha. Nilimwona akiyatazama majani yale yakirefuka, miaka minne, na barabara ikipotea nyuma yake. Alikonda, akanyamaza, akafa msimu wa masika.

Siku ya maziko jeneza lilifika pale chini likakwama. Vijana waliolibeba wakatazamana. Shemeji akasogea na koti lake, akaamuru, "Nyanyueni juu." Wakalinyanyua, mume wangu akapita hewani juu ya masale. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza nje kwa miaka minne. Nilimchukia shemeji siku ile kwa chuki safi, isiyo na machozi ndani yake, nami nikaitunza.

Malipo ni hapahapa duniani. Hazikupita masika tatu, shemeji akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa wote, na maneno yakabaki machache. Mke wake alikuwa ameshatangulia. Nyumba yake ya mawe, aliyojivunia, ilikuwa na ngazi kumi na mbili na choo nje, na wanawe wawili walikuwa na biashara zao Holili. Kwenye kijiji kizima kulikuwa na nyumba moja tu ya kumfaa mtu wa namna ile.

Walikuja, wale wana wawili na mzee wa ukoo. Mzee alishika jani la sale lililofungwa fundo. Huo ndio upande wa pili wa sale: ukiletewa hivyo kuombwa msamaha, hukatai.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Hilo jani mmelikata wapi?"

Mzee akakohoa. "Hapo chini, mama. Tulipita tukaona lipo karibu."

Nikalipokea kwa mikono miwili. "Aika, mama," akanishukuru, na nikaona mabega yake yakishuka kwa nafuu.

Siku ya pili walimleta kwenye kiti, wakakwama palepale. Mwana mkubwa akashika masale kwa hasira, anataka kuyang'oa. "Mama mdogo, tuondoe tu haya."

"Nani kayapanda?" nikauliza. "Aliyepanda ndiye anayeng'oa. Mwulizeni baba yenu, sheria aliisema mwenyewe."

Mzee wa ukoo akatazama chini. Shemeji akanitazama mimi. Mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani mwake. Nikasubiri mpaka nilipohakikisha amekumbuka, ndipo nikasema, "Nyanyueni juu."

Nilimlaza kwenye kitanda cha mume wangu na nikamwambia, "Karibu, shemeji. Hii ndiyo nyumba ya mfu." Nilimtunza vizuri, na hata adui zangu watakwambia hakupata kidonda hata kimoja. Na kila asubuhi, kabla ya chai, nilimgeuza kuelekea dirishani nikafungua mabawa yote mawili.

Mwanzoni alifumba macho. Baadaye akawa analia. Siku moja, mwaka wa pili, aliinua mkono wa kushoto akaonyesha masale, akahangaika na ulimi mpaka neno likatoka. "Ng'oa."

"Mkono ukipona, shemeji," nikamjibu. "Utayang'oa mwenyewe."

Kisha nikampozea mtori, nikamlisha kijiko kwa kijiko mpaka bakuli likaisha, dirisha likiwa wazi.