Kabla ya Uteuzi Huu

Kaimu habadilishi mapazia. Nilifundishwa hilo na katibu muhtasi wetu wiki ileile niliyoambiwa nikaimu ukuu wa kanda yetu ya misitu, baada ya mkuu wetu kustaafu. Nilikuwa nimesema tu kwamba yale mapazia ya kahawia yananitia usingizi. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mama, subiri uthibitishwe kwanza. Ukibadilisha sasa watu watasema umejiteua." Basi nikayaacha. Nikaiacha na kalenda ya aliyenitangulia ukutani, na kiti chake kilichobonyea upande mmoja, nikawa nakaa kiupande kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Kukaimu husemwa ni kwa muda. Muda wangu ukaongezwa, ukaongezwa tena, hadi nikaacha kuuliza.

Sikuwa mtu wa kutulia hata kabla ya hapo. Nimezaliwa mji wa kale Bagamoyo, kwa watu wa biashara, na kwetu mtoto wa kike akisoma ilitarajiwa awe mwalimu au nesi. Mimi nikaenda kusomea misitu. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Mkange, na wanakijiji, ambao walikuwa hawajawahi kumwona bwana misitu aliyejifunga ushungi, wakaniita Mama Bwana Misitu. Nilizunguka kwa pikipiki nikifukuzana na wachoma mkaa, ambao asubuhi walinikimbia na mchana walinikaribisha muhogo wa kuchemsha. Mkange nikapachoka, nikaomba uhamisho. Nikapelekwa Fukayosi, kwenye moto wa mashamba na ugomvi wa wakulima na wafugaji, napo nikapachoka. Nikapanda wilayani, nikakabidhiwa mikoko. Hapo nilitulia kidogo, maana ukishaingia kwenye mikoko huwezi kukimbia hata ukitaka. Tope linakushika magotini. Ndiyo kazi pekee niliyoipenda moja kwa moja. Kwa hiyo nikapandishwa cheo, nikaondolewa.

Ndivyo ngazi yetu ilivyo. Ukiijua mikoko vizuri unapelekwa kusoma. Ukirudi na shahada ya pili unapelekwa Dar es Salaam kuwaongoza wanaoijua mikoko, na ukiwaongoza vizuri unaanza kuitwa kwenye warsha za viongozi wa viongozi: chupa ya maji mezani, kitambulisho shingoni, picha ya pamoja. Viatu vyangu vilikuwa visafi mwaka mzima na jambo hilo lilinikera. Lakini nisijifanye walii. Kile kiti nilikitaka, tena kwa uroho. Nilikuwa nakaribia kustaafu na sikutaka siku ya kuagwa nisomwe kwa jina la kaimu.

Na kulikuwa na hori. Kaskazini ya Bagamoyo kuna hori moja, mkono wa bahari uliojaa mikoko, ambalo nililipanda mwenyewe nilipokuwa wilayani, mimi na kina mama wa kijiji cha jirani, tukichomeka miche kwenye tope huku tukiimba na kugombana. Miche ile sasa ilikuwa imenizidi kimo. Mwekezaji mmoja akapata eneo la kutengeneza mashamba ya chumvi nyuma yake, kwenye uwanda mkavu, akaona ni rahisi zaidi kulifyeka hori lenyewe. Akaleta katapila. Nilimpa amri ya kusitisha kazi. Akaipokea kwa mikono miwili, akaniita dada, akasema ameelewa, na kesho yake katapila likaendelea. Nilipompigia simu aliniuliza kwa upole mwingi, "Dada, wewe si unakaimu tu? Tumsubiri mwenyewe aje, tusisumbuane." Niliandika kwenda juu. Juu wakajibu kwamba suala linafanyiwa kazi. Wenzangu wakaninong'oneza kwamba kaimu mwenye akili hagusi mwekezaji karibu na mkeka.

Mkeka ndiyo orodha ya wateule. Hutoka ghafla, kwa kawaida mtu akiwa hana habari, na kila mtumishi mwenye umri wangu huishi akiutegea sikio. Nilikuwa nikiamka nashika simu kabla ya kushika maji ya udhu. Mama yangu alikuwa ameambukizwa ugonjwa huohuo. Kila Ijumaa baada ya salamu aliniuliza, "Wamekuthibitisha?" nami nikajibu bado, naye akasema inshallah kwa sauti ya mtu anayehesabu umri wake mwenyewe.

Mkeka ukatoka Ijumaa mchana. Nilikuwa nyumbani kwangu Kerege, nimepitia kuswali na kula, dereva wa ofisi ananingoja barazani. Simu ikaanza kutetemeka mezani hadi ikajisogeza yenyewe. Hongera, hongera, hongera. Mtu alikuwa amerusha picha ya orodha kwenye makundi yote, na humo, palipoandikwa mkuu wa kanda, palikuwa na jina langu, la baba na la babu. Nilikaa chini, nikasimama, nikakaa tena. Kisha nikaitafuta orodha kamili, maana picha ile ilikuwa imekatwa chini. Kila mteule hufuatwa na sentensi inayoanza "kabla ya uteuzi huu". Yangu ilisema kwamba kabla ya uteuzi huu nilikuwa mhadhiri wa chuo kikuu.

Sijawahi kufundisha hata chekechea. Majina yetu watu wa pwani ni machache na sisi ni wengi. Mahali fulani kulikuwa na wajina wangu, na kiti kilikuwa chake. Mama akapiga kabla sijapumua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mungu kajibu."

"Mama, ngoja kwanza."

"Ningoje nini tena? Nyama iko jikoni, majirani washafika. Njoo uombewe dua." Akakata.

Simu iliyofuata ilikuwa ya yule mwekezaji. Neno dada lilikuwa limekufa. Sasa nilikuwa Mheshimiwa. Alinipongeza kwa niaba ya familia yake yote. Akasema vijana wake wameshazima mashine tangu alipopata habari, hataki tusielewane, na Jumatatu atakuja ofisini kunipongeza rasmi. Nikamsikiliza hadi mwisho. Sikusema ndiyo ni mimi na sikusema siyo mimi. Nilimwambia anikute horini sasa hivi.

Dereva aliendesha bila kuuliza. Tulipita Bagamoyo, tukapita hata mtaa wa mama yangu, nikanusa au nikadhani nimenusa pilau. Njia nzima nilikuwa nahema kama niliyeiba kuku, nikiitazama simu: akitokea mtu mmoja tu aliyesoma mstari wa mwisho akamwambia yule mwekezaji, yamekwisha. Tukamkuta mwenyewe ameshafika, kavaa kanzu ya Ijumaa, anakanyaga tope bila kuionea uchungu. Nyuma yake nusu ya hori ilikuwa imelala chini, mashina yameng'olewa na mizizi juu. Ilikuwa miti ninayoijua.

"Katapila litoke," nikamwambia.

"Litatoka, Mheshimiwa. Wiki ijayo natafuta lori la kubebea."

"Kabla ya magharibi."

Nilitegemea abishe. Badala yake alitoa simu, akampigia mtu, akafoka, na jua lilikuwa bado juu lori lilipoingia. Likapakiwa katapila, likatia gia, likaenda. Dereva wangu akacheka peke yake. Mimi nilipaswa kufurahi, na kweli nilifurahi, ila chini ya furaha ile kulikuwa na hasira. Maneno niliyomwambia leo ndiyo yaleyale niliyomwandikia kwenye amri. Mdomo uleule, tope lilelile. Miaka yote nilidhani ni ujuzi wangu unaosikilizwa, au walau ujeuri wangu.

Kwa mama nilifika na viatu vya tope. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye majamvi, ubani unafuka, sinia za pilau zimeanza kupangwa. Wakapiga vigelegele. Nikamshika mama mkono, nikamwingiza jikoni, nikamwambia hapohapo kwamba siyo mimi, ni wajina wangu, mtu wa chuo kikuu.

Akafunika sufuria ambayo tayari ilikuwa imefunikwa. "Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

"Toka Mkange nawaambia watu anapanda, anapanda." Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Unapanda kwenda wapi, mwanangu?"

Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaniambia wali hauna kosa, watu wale. Alipotoka aliwaeleza wageni ukweli mwenyewe, kwa sauti kavu, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Dua ikasomwa hivyohivyo. Nilikula nimesimama.

Jumatatu wajina wangu akaripoti. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na nikashindwa, maana ni mtu wa Pangani, mdogo kwangu kwa umri wa kutosha kuniamkia. Akaniamkia.

"Marahaba, wajina," nikamjibu.

Alicheka, akakaa kwenye kiti, akashtuka kilivyobonyea. Akasema kesho kitatolewa. Mapazia pia, akasema, haya yanatia giza. Katibu muhtasi akaandika bila kuinua uso. Kisha wajina akaniuliza kwa adabu kabisa, "Dada, nianze na lipi? Wewe ndiye unayejua."

Nikamweleza hori. Nilianza na miche na kina mama, nikaona nazunguka, nikamwambia moja kwa moja: kuna mtu leo anaamini mkuu wa kanda ni mimi, na atakaposikia vinginevyo atajaribu kukupima kwa kulirudisha katapila. Nilikuwa bado naeleza simu yangu ilipoita. Alikuwa mwekezaji mwenyewe, yuko njiani, anataka kujua kama Mheshimiwa yupo.

Nikaiweka spika, nikaisogeza upande wake wa meza. "Anakuuliza wewe," nikamnong'oneza. "Mwambie katapila halirudi. Usimweleze kwa nini."

Alikuwa na sauti nyembamba ya darasani, haifanani hata kidogo na yangu, ambayo imekauka kwa vumbi la Fukayosi na kwa kupigia watu kelele.

"Nipo," akasema. "Lile katapila halirudi."

"Sawa, Mheshimiwa," mtu yule akajibu palepale, na hakuuliza sauti imebadilika kwa nini.