Ukuta Uliokua Nikiuchora

Niliondoka Uvira kwa sababu kamera ya padri wetu ilikuwa imeingia maji. Alitaka picha ya kanisa la mapadri wa kwanza, lililobaki magofu upande wa Baraka, na katika walimu wote wa shule yake mimi peke yangu nilikuwa na penseli na kifutio, nikatumwa nikalichore.

Siku ya kwanza, karibu na Mboko, dereva wa kamyo, lori tulilopanda, alituomba tushuke tusukume. Tulisukuma. Baraka tulifika jioni.

Kesho yake asubuhi nilitembea kando ya ziwa hadi kijiji chenye magofu. Mwenyeji wangu, mjane aitwaye Mama Wabiwa, aliniuliza nimekuja kufanya nini. Huku kwetu kuchora na kuandika ni neno moja, basi nikajibu: "Nimekuja kuandika kanisa."

"Na matafali yake yote?"

"Yote, mama. Moja moja."

Akaenda zake. Nilichora ukuta mpaka jioni; ulinifika kiunoni.

Asubuhi ya pili ulinifika kifuani. Nilidhani nimekosea vipimo, nikafuta, nikaanza upya. Saa nne akapita mzee mmoja na matofali matatu kichwani, akayapanga juu ya ukuta, akanisalimia, akaondoka. Nyuma yake akaja Mama Wabiwa na kikapu cha matofali.

"Hizi ni za mwisho, mwalimu. Zilikuwa zinazunguka kaburi ya bwana yangu. Usituandike kwa bureau, tafazali."

Hapo nikaelewa. Walikuwa wamejichukulia matofali ya magofu, wakadhani nimekuja kuyahesabu: kwao anayeandika ni karani wa bureau, ofisi ya serikali, na ukishaandikwa unatafutwa. Nilikuwa nimemfanya mjane abomoe kaburi la mumewe kwa mikono yake. Niliona aibu sana. Nikamwonyesha karatasi.

"Ni kanisa tu? Jina ya muntu haiko?"

"Haiko, mama."

"Sasa we ulitusumbua juu ya nini?"

Niliinua kikapu chake. Mchana tuliyarudisha matofali kaburini, mimi nikibeba, yeye akipanga. Alipomaliza aligusa karatasi yangu. "Na yeye umuandike."

Nikachora kaburi kando ya kanisa, na chini yake nikaandika jina la marehemu. Karatasi nikamwachia.

Safari ya kurudi nililichora kanisa lile lile tena kwa kukumbuka, ndani ya kamyo. Padri akasema ukuta umepinda. Nikamwambia ndivyo ulivyo.

Nimejifunza kuonyesha karatasi kabla ya kufungua mdomo. Picha iliyonyooka iko kwa Mama Wabiwa. Hajui kusoma, lakini nilipomwonyesha jina la mumewe, aliweka kidole juu yake, na hakukiondoa hadi nilipoaga.