Aliyejifungulia Koki

Ukitaka kucheka, cheka sasa kabla sijaanza. Mimi si mtu wa maneno mengi. Shule niliachia darasa la sita, na mbele ya watu ulimi wangu huwa mzito kama umefungwa kamba. Mtu wa namna hiyo atatunga wapi uongo mrefu? Tena pombe sinywi, ingawa nimekulia ndani ya harufu yake. Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya, sijalala wala sijalewa, hapa hapa Lobule, upande wa Koboko.

Mama yangu alikuwa mpishi wa kwete, ile pombe yetu ya mahindi na kimea cha ulezi. Tuliporudi kutoka ukimbizini Sudan tulikuta kiwanja chetu kimekuwa kichaka, na kabla hata jiko halijaezekwa mama alikuwa tayari ameloweka ulezi uote. Lakini jambo moja liliwashangaza majirani. Hakutaka chungu. Kila mpishi wa kwete ana chungu kikubwa bandani, kimezikwa nusu ardhini, na wanywaji huchotewa humo kwa kata. Mama alichachushia kwenye madumu ya plastiki. Shangazi alimletea chungu kizuri kutoka Kuluba, amekibeba kichwani njia nzima. Mama akamrudisha nacho kabla hajakitua.

"Unanifukuza na mzigo kichwani?" shangazi aliuliza.

"Sikufukuzi wewe. Nakifukuza hicho."

Sikujua sababu, na mimi si mtu wa kuuliza.

Ndipo akaenda Arua kwa Mzee Rajab, fundi wa kuchomelea, Mwislamu wa ukoo wa wale askari wa zamani wa Kisudani. Mzee alichukua pipa dogo lililokuwa la mafuta, akalitoboa chini na kulitia koki ya shaba, akaizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli isivuje. Juu, kwenye kifuniko, alitoboa tundu dogo na kulichongea kizibo cha mti.

"Mzee, wewe hapana kunywa pombe, sasa unatengeneza hii kitu namna gani?" mama alimtania.

"Mimi natengeneza koki tu, mama. Ile inatoka ndani iko shauri yako na Mungu." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe binti, sikia. Kama hapana toa hii kizibo, pombe hapana toka. Hata ukifungua mpaka kesho. Pombe lazima ipumue."

Alisema kweli. Ukisahau kizibo, koki ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Lishike hilo, maana nitalirudia.

Nilikipenda kile kipipa, nisikufiche. Mtu mwenye haya hufurahi kupata kitu cha kutazama. Niliinama kwenye koki, nikajaza vibuyu, na wanywaji wakaniona kisogo tu. Waliitania koki yetu kuwa ni ng'ombe, na mimi ndiye mkamuaji. "Dada, kamua tena! Ndama wako bado iko na njaa!" Nami nikacheka huku nimeinamia chini.

Lakini kulikuwa na desturi, na desturi ile ilikuwa ya chungu. Mpishi akikifunua, kata ya kwanza hainywewi. Humwagwa chini, na wafu wa nyumba hutajwa majina mmoja mmoja, kwa sababu mfu hana mkono wa kuchota, anakunywa anachomwagiwa. Na aliye hai hatajwi kamwe. Ukimmwagia aliye hai, wazee wanasema, umemzika.

Mama hakumwaga. Alisema koki haina kata ya kwanza. Watu walidhani ni uvivu, au mambo ya kanisani. Mimi nilijua anamkwepa nani. Taban, kaka yangu mkubwa. Katika vita vya sabini na tisa, tulipokuwa tunakimbilia Sudan, alinibeba mgongoni hadi karibu na mto Kaya. Nilikuwa mdogo mno, uso wake siukumbuki. Hapo alinikabidhi kwa mama akarudi nyuma, na hakuonekana tena. Zaidi ya hayo sikuwahi kuambiwa. Majirani walikwisha kumlilia. Mama alikataa. Nguo zake zilikuwa bado zinakunjwa na kuanikwa. Sasa angemwagaje kwa wafu wengine wote, halafu anyamaze mahali pa jina lake? Na angelitajaje?

Haukupita muda mrefu, kwete yetu ikaanza kufa. Sina neno jingine. Jioni tuliijaza ikiwa kali, ina povu, inanukia. Kesho yake rangi ilikuwa ile ile na pipa limejaa vile vile, lakini mdomoni ni maji. Wanywaji walitema.

"Mama Taban, hii iko maji ya kunawa!"

"Ng'ombe yenu imezeeka!"

Mama alibadilisha madumu, akabadilisha kimea. Hakuna kilichosaidia. Siku moja akafunga kanga kiunoni akaniambia, "Hii ni dalili. Taban ananiita. Naenda kumtafuta."

Sudan ya wakati ule! Huko nako vita vilikuwa vimewaka, na wakimbizi waliokuja kwetu walisimulia mambo ambayo mtu hayasemi mbele ya chakula. Nilimlilia. Nilimwambia hata njia hazijui tena, atakanyaga bomu, atachukuliwa na askari. Akanipangusa uso kwa ukingo wa kanga yake. "Wewe umeshakua. Pipa unaweza kulitunza."

Akaenda sokoni Koboko kupatana na wafanyabiashara wa baiskeli waliokuwa wanavuka Jumatatu. Mvua ilinyesha mchana kutwa, ile ya kukaa, isiyo na radi. Jioni, kabla giza halijaingia sawasawa, nilikuwa jikoni napuliza moto. Nikasikia koki inatiririka.

Nilifikiri ni mnywaji mwenye haraka. Nikachukua kibuyu nikaenda bandani.

Kijana alikuwa amepiga magoti mbele ya pipa, kinywa wazi chini ya koki, na kwete ilikuwa inamwingia bila kukatika. Hakuwa anameza. Niamini, koo lake nililiona. Halikuchezacheza hata kidogo. Ilikuwa kama mtu anayejaza shimo. Na kizibo kilikuwa mahali pake juu ya kifuniko, kimekazwa kama nilivyokikaza mwenyewe asubuhi. Nje matope yalifika vifundoni. Miguu yake ilikuwa na vumbi kavu jekundu, vumbi la kiangazi.

Wewe ungefanya nini? Ungekimbia. Mimi haya zilinishinda hata kukimbia. Nilisema neno nililolizoea: "Kaka, ngoja nikupe kibuyu."

Akainua uso. Alikuwa mdogo kuliko mimi, ndevu bado hajaota. Naye alikuwa na haya. Alitazama chini, akajipangusa mdomo kwa kiganja.

"Usikasirike," akasema. "Nina kiu. Watu wote hapa wanamwagiwa kwao. Mimi hapana."

"Wewe ni wa nani?"

Akatabasamu upande mmoja. "Wewe iko Kadogo. Ulikuwa mzito mgongoni! Sasa umekua. Umenipita."

Jina hilo halikuwa limetajwa tangu ukimbizini. Mama peke yake ndiye aliyelijua.

"Ambia mama, chungu ilivunjika," akasema. "Kule mtoni. Nilishika kabisa, lakini ilivunjika. Asikasirike na mimi."

Nikainama kuiokota kata ya zamani iliyolala kando ya pipa ili nimpe kitu, sijui kwa nini, na nilipoinuka palikuwa na pipa tu. Koki ilikuwa bado inatiririka, na pombe haikufika chini, ilikatikia hewani. Nikaikamata kuifunga. Baridi ile siwezi kuilinganisha na kitu. Nilipoachia, koki ilikuwa imefungwa na pipa limejaa hadi juu.

Mama alirudi ameloa, amechangamka. Wafanyabiashara wamekubali, Jumatatu alfajiri. Akaanza kufunga mzigo wake. Nami nilisimama mlangoni na lile neno mdomoni. Nilijua likitoka litamwua kaka yangu ndani ya kifua cha mama. Nilijua pia lisipotoka, mama ataondoka nisimwone tena.

Nikasema, "Mama, chungu kilivunjika."

Mikono yake ilisimama juu ya mzigo. "Chungu gani?"

"Kule mtoni. Amesema alikishika kabisa. Amesema usikasirike."

Hakulia. Alikaa chini pale pale, kama nguo inayoanguka kutoka kambani. Kwa sauti ambayo sijaisikia tena, akasema, "Ni mimi niliyemrudisha. Kilikuwa chungu cha mama yangu. Nilikisahau nyumbani, nikamwambia, mwanangu, miguu yako ni myepesi, rudi unichukulie. Sijamwambia mtu yeyote. Hata baba yako alikufa hajui."

Tulikaa hadi moto ukazimika. Kisha akainuka, akachomoa kizibo, akafungua koki, akajaza kata ya kwanza. Aliwataja wazazi wake. Akamtaja baba yangu. Halafu akaikamata kata kwa mikono miwili.

"Taban," akasema. "Kunywa, mwanangu. Sikukasirika."

Ardhi ilikuwa imeshiba mvua ya mchana kutwa, haikuwa na nafasi ya tone. Lakini kwete ile ilipogusa chini ilinyonywa mara moja, na pale mahali pakabaki pakavu.

Mama hakwenda Sudan. Kwete yetu ilirudi kuwa kali, na watu wakarudi. Unaweza kudhani basi nilifurahi. Kabla ya jioni ile mama alikuwa na mtoto aliyepotea. Baada yake alikuwa na mtoto aliyekufa, na aliyembadilishia ni mimi. Zile nguo alizigawa. Aliacha kutazama barabara, na mtu aliyeacha kutazama barabara huzeeka upesi. Kiganja changu cha kulia hadi leo hakisikii moto. Naweza kushika kaa nisijue mpaka ninuse nyama.

Siku hizi naona vipipa vya koki hata kwenye harusi za kule Pajulu, karibu na Arua, watu wanajikamulia na kucheka. Sikatazi. Lakini wewe unayesoma haya, kabla ya kibuyu cha kwanza, fungua koki juu ya ardhi, utaje wako wote. Na kama yuko mmoja ambaye ulimi wako unakataa kumtaja, huyo ndiye mwenye kiu kuliko wote. Chungu kilimngoja mchotaji. Koki haingoji mtu, inafunguka kwa mkono wowote, na mikono mingine usingependa kuikuta jioni, imefika kabla yako.