Kipande cha Kondo

Ndoo ya buluu ililetwa maabara kwetu asubuhi, ndani yake kondo la nyuma. Mtoto alikuwa amezaliwa mfu, wa miezi saba. Mama mkwe wa mzazi alikaa kwenye benchi mlangoni, katoka Mwera, akisubiri kondo akalizike nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkaza mwanangu mkaidi yule. Vidonge vya kliniki kavitupa, ndo maana kamuua mjukuu wangu. Nshamwambia usoni."

Mimi si msemaji kazini, na siku hizi hata nyumbani Ngamiani naambiwa nimekuwa jiwe. Nilikata kipande kama punje ya hindi, nikakigandamiza kwenye kioo, nikatia rangi, nikasubiri.

Kwenye hadubini vimelea vya malaria vilikuwa vimejaa, na chembe zao nyeusi kila niliposogeza kioo. Nikachukua kadi ya kliniki ya mzazi niandike majibu. Mara tatu alipimwa damu ya kidole, mara tatu imeandikwa: hakuna vimelea. Mwandiko wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu. Hivi vilijificha ndani zaidi ya nguo, kwenye kondo, damu ya kidole ikaonekana safi. Jambo hilo nalijua tangu chuoni. Nikangoja uchungu unishike. Haukuja.

Nilipomrudishia ndoo, mama mkwe alifunua akatazama.

"Umekata. Nipe na hicho kipande. Hatuziki nusu."

Nikamfungia kwenye shashi.

"Umeona nini humo?"

"Malaria, mama. Ilijificha. Hata anayemeza vidonge vya kuikinga inaweza kumpata."

"Nani kampima huyu mwana akamwambia hana kitu?"

Ningeweza kusingizia hadubini.

"Mimi," nikasema.

Alikitia kile kifurushi ndani ya ndoo. "Basi nenda ukamwambie wewe. Mie hanisikizi tena."

Wodini mzazi alilala kaelekea ukutani. Nilipofika kitandani akageuka, akaliona koti langu jeupe. Kabla sijafungua kinywa, alininyooshea kidole, kile kile cha mkono wa kushoto nilichokuwa nikimchoma, akafumba macho.

Nikakishika. Sikujua la kufanya nacho.

"Leo sipimi," nikamwambia. "Nimekuja kukwambia hukumuua mwanao."

Hakufumbua macho, wala hakukirudisha kidole.