Mume Columbus, Mke Buffalo

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Louisville, Marekani, sikuruhusiwa kugusa kitu. Msimamizi wa ghala, Mmarekani mwenye maumivu ya mgongo, aliniweka kando ya meza nitazame tu. Kampuni ile ilihamisha vitu vya kale vya makumbusho. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, na kubeba mizigo nilidhani nakujua.

"Chungu hakishikwi mkono wake," aliniambia. "Kishike kitako. Aliyeubandika mkono huo amekufa zamani, huwezi kumuuliza kama aliubandika vizuri."

Wakati wetu tulichonga sponji kwa kisu mpaka kitu kilale humo kama mtoto mbelekoni. Kreti, yaani sanduku la mbao la safari, tulilifunga kwa skrubu, kamwe si kwa misumari, kwa sababu nyundo hutikisa kilichomo. Nilijifunza kuvaa glavu, kutembea polepole, na kutozungumza nikiwa nimebeba.

Miaka kadhaa baadaye mimi na familia yangu tulihamia mji wa Columbus, tukapanga fleti mtaa wa Whitehall, nami nikaajiriwa kwenye stoo ya makumbusho. Huko ndiko nilikokutana na Luz, Mfilipino kutoka milima ya kaskazini mwa nchi yake. Kazi yake ilikuwa kutibu nguo za kale: kushona palipochanika, kuzuia nondo. Tuliitana kaka na dada. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza, lakini tulielewana.

Kila asubuhi, kabla ya kuketi, Luz alikwenda kwenye rafu moja ya nyuma na kuinamisha kichwa. Pale walikaa bulul wawili, sanamu za mume na mke, wamechongwa kwa mti mgumu, wamechuchumaa, mikono juu ya magoti. Kwao bulul huwekwa ndani ya ghala la mpunga walilinde. Wakati wa mavuno kuhani huwaimbia majina ya mababu, na watu huwapaka damu ya nguruwe na pombe ya mchele. Ndiyo maana walikuwa weusi wa kung'aa.

"Huo si uchafu," aliniambia. "Hayo ni maombi ya watu, mwaka baada ya mwaka."

Nilimuuliza, maana nilimwona kila Jumapili akienda misa, "Dada, wewe si Mkristo?"

"Mkristo kabisa. Lakini kabla ya mapadri kuja tulikuwa watu tayari, kaka. Wazee wetu walikuja kwa mashua, ukoo mmoja mashua moja. Walipofika, kijiji wakakiita kwa jina la mashua ile ile. Mpaka leo kijiji kwetu ni barangay." Akacheka kidogo. "Ninyi mmekuja kwa ndege. Whitehall mmeipa jina gani?"

Nilicheka nami, nikarudi kwenye kreti yangu.

Bulul wale walinunuliwa na mwalimu mmoja wa Kimarekani zamani Marekani ilipoitawala nchi yao, na wajukuu wake wakawatoa zawadi kwa makumbusho. Luz aliomba awawekee mchele kidogo tu. Mkuu wa Makusanyo, mama mwenye sauti ya upole, alikataa: mchele huleta wadudu, na wadudu hula mbao. Alisema kweli. Basi Luz akawa anakula wali wake chumba cha chakula, na tonge la kwanza analiacha pembeni ya sahani.

Kisha ikaja amri. Makumbusho ya mji wa Buffalo yalitaka bulul mmoja, nasi tungepewa kinyago badala yake. Luz alisimama mbele ya Mkuu, mikono imefumbatana.

"Mama, hawa ni mume na mke."

"Najua unavyojisikia, Luz. Lakini kwetu ni vitu viwili."

"Mimi nilimwacha binti yangu ana miaka mitatu nije kufanya kazi. Mama yangu alipokufa sikwenda kuzika, viza ilikuwa bado. Najua kutenganishwa. Wao wamefanya kosa gani?"

Amri ikabaki. Mke ndiye niliyempakia. Luz alishika taa juu ya mikono yangu mpaka skrubu ya mwisho.

Baadaye binti yangu alipata kazi Buffalo, tukamfuata, tukakaa mtaa wa Riverside, nami nikapata nafasi katika makumbusho yale yale. Nilimkuta bulul mke kwenye droo ya chini. Luz alinipigia simu mara kwa mara.

"Umemwona?"

"Nimemwona, dada. Hajambo."

"Mwambie kwamba mume wake yupo."

Nilimwambia, kwa Kirundi, lugha ya mama yangu. Sikujua nyingine iliyofaa.

Luz na wazee wa kijiji chake waliomba wote wawili warudishwe nyumbani. Columbus ilikubali, kwa sharti kwamba waende pamoja. Mkurugenzi wetu wa Buffalo alisema bodi ya makumbusho inatafakari. Bodi ilikuwa bado inatafakari Luz alipougua saratani na kufa.

Binti yake, Amihan, alikuja kuuchukua mwili. Alikuwa mwanamke mzima mwenye uso wa mama yake. Nilisafiri hadi Columbus kumsaidia kufunga vitu. Alikuwa ameketi sakafuni katikati ya nguo, sahani na picha.

"Mzee, sijui kipi kati ya hivi alikipenda," aliniambia. "Nilimjua kwenye simu tu. Wewe ulikaa naye. Alikuwa mtu gani?"

Nikaketi chini nikamsimulia habari za mama yake mpaka kukachwa.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kazi hii inataka nini, nami nawafundisha sponji na skrubu. La wale wawili sijui namna ya kulifundisha. Mume yuko Columbus, mke yuko Buffalo, na bodi inatafakari.

Mwezi uliopita Amihan alinitumia picha. Kijijini wamejenga ghala jipya la mpunga, na ndani, juu ya magunia, wameacha ubao mtupu unaotosha wawili. Mavuno yameingia. Kuhani ameimba majina ya mababu, na safari hii ameliongeza la Luz.