Bushi Iliyopasuka Mbele ya Meneja

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye karakana ya kiwanda cha pamba, Bariadi, nilishuka kwenye basi nimepakata kompyuta kama mtoto mgonjwa. Ilikuwa kuukuu, nilipewa na chuo nilichosomea uhandisi wa metali. Viwanda vya pamba vilikuwa vinaingia mikononi mwa watu binafsi, na vipuri vya nje vimeanza kujaa madukani.

Mkuu wa Karakana, mtu wa maneno machache, alinipeleka sehemu ya kusubu, ambako shaba iliyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu za mchanga. Fundi wa kalibu alikuwa Mzee Masunga.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama. "Hilo sanduku nalo linayeyusha?"

"Haliyeyushi, baba. Linahesabu."

"Wabeja, asante. Basi lihesabu, sisi tuyeyushe."

Kazi yangu ilikuwa michoro ya awamu. Ni ramani ya joto na mchanganyiko: inakuonyesha aloi, yaani metali zilizochanganywa, ikiwa katika joto fulani ni kimiminika, ni kigumu, au ni vyote viwili kwa pamoja. Metali mbili unaweza kuzichora kwenye karatasi. Zikifika nne karatasi haitoshi, ndipo kompyuta inapokokotoa nishati ya kila awamu na kuchagua hali yenye nishati ndogo kuliko zote.

Masunga alikuwa na desturi iliyoniudhi. Akishamimina, hafungui kalibu mpaka ale ugali, anawe, akae kidogo. Mimi niliona ni uvivu tu, tena sikuficha.

Msimu wa pamba ulipokaribia, bushi kubwa ya mashine ya kuchambulia ililika. Bushi ni ile pete ya shaba ambayo mhimili unazungukia ndani yake. Meneja mpya akaja mwenyewe karakana.

"Injinia, mkishindwa hii nafunga sehemu yote ya kusubu. Nitaagiza nje, na huyu mzee atapumzika nyumbani."

Masunga alikuwa na watoto shuleni Dutwa. Alisikia, akaendelea kuchekecha mchanga.

Nikaingiza metali mbili kwenye kompyuta, shaba na bati. Tuliyeyusha mabomba na rejeta chakavu za magari zenye zinki na risasi pia, lakini hizo niliziacha. Nilikuwa na haraka, na nilijiona najua. Kompyuta ikatoa joto la kuganda, nikakadiria saa ya kufungua. Tukamimina, na saa hiyo ilipofika Masunga akageukia sufuria ya ugali.

"Fungua, baba. Imeshaganda."

"Mayu, bado."

"Fungua."

Alifungua. Alipogonga mara moja kuondoa mchanga, bushi ikapasuka vipande viwili mbele ya meneja.

Meneja akamtazama Masunga. Masunga akainama kuokota vipande. Niliona aibu ambayo sijaisahau.

"Kosa ni langu," nikasema. "Yeye alikataa, mimi nikamlazimisha. Tupe mpaka kesho mchana."

Meneja akakubali bila kutabasamu. Nikaingiza metali zote nne. Mstari wa joto ambalo tone la mwisho huganda ukashuka chini sana: risasi ilibaki maji kati ya chembe za shaba muda mrefu baada ya nje kuonekana ngumu, na chembe hizo zilikuwa hazijashikana tulipogonga. Nikakadiria muda wa kupoa hadi pale. Ulikuwa muda wa kupika ugali, kuula, kunawa na kukaa kidogo.

Kesho yake tulimimina upya, nikala naye kabla ya kufungua. Bushi ikatoka nzima, ikachongwa, ikafungwa, na pamba ya msimu ule ikachambuliwa. Sehemu ya kusubu haikufungwa.

Baadaye nilihamishiwa Maswa, kisha nikawa mwalimu wa chuo. Kila mwaka niliwasimulia wanafunzi juu ya fundi aliyeujua mchoro wa metali nne bila kuuona. Nilipostaafu nikarudi Bariadi kumshukuru. Nilimkuta Masunga karakanani. Ingawa alikuwa amestaafu zamani, hakukosa kwenda.

"Baba, ulijuaje kwamba risasi bado ni maji?"

"Risasi ipi? Mayu, mimi nilikuwa na njaa. Ukishafungua kalibu, kuna kusafisha, kuna kukata. Utakula saa ngapi?"

Nilicheka mpaka machozi. Vijana walikuwa wamemimina bushi mpya, moshi bado unatoka kwenye mchanga. Mmoja akanyoosha mkono kwenye nyundo.

"Bado," tukasema pamoja, mimi na mzee, tukamwita aje kula.