Gari Lililopanda Mlima Kinyumenyume

Safari hii ilitokana na barua, na barua yenyewe niliitafuta mwenyewe. Wakati ule nilikuwa fundi katika karakana moja ya reli hapa Elisabethville, nina mchumba aitwaye Angelina, aliyekaa kwa shangazi yake hapahapa mjini, na nina gari. Hapo kwenye gari ndipo nilipoongeza chumvi. Nilipomwandikia mama yake Angelina kule Kilwa, Kilwa yetu ya ziwani, si ile ya pwani, kumposa binti yake, nilijisifu kwamba nina motokari. Sikutaja kwamba injini ilikuwa chini ya kitanda changu na magurudumu mawili yalikuwa kwa jirani.

Mama Feliste alikuwa mjane, na neno la mwisho lilikuwa lake peke yake. Jibu lilikuja kwa mwandiko mzuri wa katekista: "Kama uko na motokari, kuya unikamate, nione fasi mutoto yangu atalala. Kisha nitajibu. Kama hauna, usiandike tena." Yaani nikamchukue kwa gari, nimlete aione nyumba yangu.

Miezi mitatu iliyofuata uani kwangu Kampemba hapakulala kuku. Tulikuwa watatu wenye ugonjwa wa magari: mimi, Bonifasi mchomeleaji, na Saidi fundi viti, ambaye wazee wake walitoka Maniema. Gari lenyewe lilikuwa la Kimarekani, kuukuu, limetupwa na mkulima mmoja wa Kizungu baada ya kuparamia kichuguu. Tulibishana juu ya kila skrubu. Saidi alipata kiti cha ndege mbovu iliyotupwa kwenye uwanja wa Luano, kina mkanda wake kabisa, akakifunga nyuma. Tanki la petroli lilikuwa limeliwa na kutu, kwa hiyo Bonifasi alichomelea jipya kutoka kwenye pipa, akalitundika chini kabisa, nyuma ya magurudumu, ili harufu isitusumbue.

"Hii tanki iko chini sana," Saidi alisema.

"Weye shona biti yako," Bonifasi akamjibu, akimwonyesha kile kiti.

Tulilijaribu gari kwa kuzunguka kanisa mara tatu. Mitaa ya Elisabethville ni tambarare, basi lilikwenda kama limetumwa na bwana harusi, na kweli lilitumwa naye.

Jumatatu alfajiri tuliondoka, mimi na Bonifasi, karatasi ya ruhusa ya safari mfukoni. Bonifasi hakuja kwa kupenda vumbi. Kwetu, mwanamume na mama wa mchumba wake hawatazamani usoni wala hawasemezani mpaka arusi ipite na zawadi za kufungua mdomo zitolewe. Heshima hiyo tunaiita buko. Kwa hiyo nilihitaji mtu wa kunisemea, na Mungu alinipa Bonifasi, ambaye kunyamaza hajui.

Kabla ya adhuhuri gurudumu lilipasuka. Hatukuwa na mpira mwingine, tukalijaza majani makavu na kuendelea tukirukaruka. Alasiri barabara ikaanza kuteremkia bonde la Luapula, mteremko mrefu wenye mawe upande mmoja na miti inayoelekea korongoni upande wa pili. Tuliushuka tukiimba. Hatukukumbuka hata kidogo kwamba kurudi ni kwa njia hiyohiyo.

Kasenga tulilala kwa dereva mmoja wa lori la samaki, Baba Ilunga, mtu mpole aliyetuuzia mpira wa zamani. Asubuhi alilizunguka gari letu polepole, mikono nyuma.

"Hii motokari," akauliza, kama anayetafuta wazazi wa mtoto aliyepotea, "bazazi bake njo banani?"

"Yatima, baba," Bonifasi akasema. "Siye tulilea tu."

Baba Ilunga aliinama, akalitazama tanki, akatikisa kichwa. Nilidhani anatusifu.

Jumanne jua likiwa limepinda tuliingia Kilwa, na watu wa ufukweni waliacha nyavu kuja kutazama. Mama Feliste akatoka nyumbani. Nilijitupa upande wa pili wa gari nikajifanya nakagua gurudumu, na kutoka pale niliona miguu yake tu, imesimama imara, haina haraka. Miguu ile ilinitia hofu kuliko uso wowote.

"Motokari iko kweli," alimwambia Bonifasi. "Ile njo kintu moja. Nyumba ntaiona. Neno yangu ntaisema kule."

Mdogo wake Mama Feliste, Kristofa, alitupokea vizuri, ugali na samaki bila kipimo. Ndiye aliyepanga namna ya kusafiri. Alitaka kiti cha ndege kigeuzwe kitazame nyuma, ili dada yake nami tupeane migongo. Hilo halikumtosha, akatundika shuka katikati, na mbele ya shuka akapanga vikapu vya samaki wakavu vya arusi mpaka juu.

"Mukwe," aliniambia, "sasa ata ukigeuka hauone kintu."

Alisema kweli kuliko alivyojua.

Alhamisi asubuhi tuliaga. Mpaka Kasenga mambo yalikuwa shwari. Mama Feliste alijifunga mkanda wa ndege na kusali rozari. Ijumaa tukafika chini ya ule mlima. Gari lilipanda hatua thelathini, likakohoa, likazima. Nikaliwasha kwa mkono. Likapanda hatua kumi, likazima. Bonifasi alifungua kabureta, ikawa kavu kabisa, ilhali tanki limejaa. Tulitazamana. Gari likiinua pua, tanki linabaki chini ya injini, na petroli haijui kupanda mlima.

"Saidi asijue," Bonifasi akanong'ona.

Nyuma ya shuka Mama Feliste akasema, "Bonifasi, mutoto yangu, motokari imekufa?"

Nilimwona Angelina akiozwa mvuvi wa Kilwa mwenye mtumbwi usiohitaji kabureta. Njia ilikuwa moja tu: kuligeuza gari na kupanda kinyumenyume, tanki likiwa juu na injini chini. Bonifasi alishuka, akakaa upande wa bondeni, anasukuma boneti kwa bega, jiwe mkononi la kuzuia gurudumu. Mimi nikatia giya ya nyuma, nikageuka nione njia. Niliona samaki.

Sasa Mama Feliste ndiye aliyekuwa mbele, peke yake aliyeiona barabara. Akaanza kumwelekeza Bonifasi aniambie, kama heshima inavyotaka. "Bonifasi! Mwambie asogee!" Lakini Bonifasi alikuwa mwisho mwingine wa gari, na injini ilinguruma masikioni mwake. Gari likaelekea mitini. Nilisikia matawi yakikwaruza bati, na shanga za rozari zikianguka sakafuni.

"We motokari!" Mama Feliste akapiga kelele. "We motokari, nasema na weye! Kuya upande ya mawe!"

Nikakata usukani upande wa mawe.

Kisha, kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo: "Motokari. Unanisikia?"

Kumjibu sikuruhusiwa. Nikapiga honi mara moja.

"Muzuri. Sasa rudia kidogo upande ya miti. Kidogo, nasema! Weye iko kichwa nguvu sawa mwenye kukutengeneza."

Nikapiga honi.

Ndivyo tulivyoupanda mlima ule, karibu asubuhi nzima. Alilikaripia gari, akalibembeleza, akaliuliza kama limechoka. Katikati ya njia akaliuliza mambo mengine. "Motokari, mwenye weye anakunywa pombe?" Nilisita. Nikapiga honi fupi. "Atamupiga mutoto yangu?" Hapo sikugusa honi. Aliuliza tena, nami nikaondoa mikono yote miwili kwenye usukani ili honi isilie kwa bahati mbaya, na ilibidi aligombeze gari lisiingie kwenye mawe. Juu kabisa Bonifasi alianguka chali, anahema. Hakuwa amesikia hata neno moja.

Jumamosi mchana tuliingia Elisabethville, mbele mbele sasa, kwa heshima. Mama Feliste aliikagua nyumba yangu, chumba kwa chumba, akatoka uani ambako Angelina, shangazi yake na Saidi walikuwa wanangoja. Nilikuwa ndani ya gari, nimeinamisha kichwa. Watu wote walimtazama Bonifasi, wakidhani yeye ndiye atakayeambiwa. Mama akampita. Akaweka kiganja juu ya boneti.

"We motokari," akasema. "Mutoto yangu nakupatia. Umubebe polepole. Umesikia?"

Nilipiga honi na sikuiachia. Nililia huku naipiga. Mpaka Bonifasi akang'oa waya wa betri.

Katika safari ile nilijifunza kwamba tanki huwekwa juu, na kwamba Saidi asipuuzwe. Nilijifunza pia kwamba mtu anaweza kukujua vizuri bila kukuona uso. Arusi ikapita, nikatoa zawadi za kufungua mdomo, kitenge na kuku wawili, na Mama Feliste akaketi mbele yangu kwa mara ya kwanza, akanitazama machoni.

"Mukwe," akasema, "ile tanki, ulishaipandisha?"

Bado. Na nilipotaka kumjibu mdomo ulinishinda, mkono ukaanza kutafuta honi.